Jina Lililolala Bure

Siku ya pili ya kilio cha mdogo wangu, mwanamke tusiyemfahamu aliingia chini ya turubai, akaketi mkekani pamoja na akina mama, akalia kidogo kama desturi inavyotaka, kisha akamwinamia mama yangu na kumuuliza ni nani aliyekufa. Akina mama wakatazamana. Kwetu Uvira mtu haingii kilioni halafu akauliza jina la marehemu. Ukishalia, umekwisha kujua unamlilia nani. Mama alimjibu, "Ni binti yangu, Mapendo." Mwanamke akatikisa kichwa. "Ku redio balisema Jolie Nabintu, mwalimu, wa hapa Kavimvira. Minye njo Jolie Nabintu. Kwetu Bwegera bantu balianza kulia. Bwana yangu alitoka mu mupunga na matope mpaka magotini, akakuya kuangalia kama nimekufa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia aliyopitia. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Mimi ndiye niliyemshika yule mwanamke mkono na kumwingiza chumba cha nyuma, kwa sababu jina lake nililijua vizuri kuliko majina ya jirani zangu wengi. Tangazo la redio lilikuwa limepelekwa na shule ambako mdogo wangu alifundisha. Huko hawakuwahi kumjua kwa jina lingine.

Kazi yangu ni kuwaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha hapa mpakani. Niliijifunza peke yangu, na imenizoeza jambo moja: mzigo ukikwama, usimlaumu mtu wa kwanza unayemkuta; rudi nyuma, karatasi kwa karatasi, mpaka uone ulipokwamia. Tangu kilio kile nimerudi nyuma hivyo mara nyingi. Ninafika kila mara kwenye mwaka uleule, na kila mtu ninayemkuta huko alitutendea kwa upole. Ningependa kumkuta mwovu mmoja. Ingenipunguzia uchungu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mapendo alikuwa na kumi na miwili, darasa la sita, mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, ambao unaishia kwa ule mtihani wa taifa tunaouita Tenafep. Bila cheti cha mtihani huo hakuna sekondari itakayokufungulia mlango. Masomo hayajachukua mwezi, alianguka darasani. Kifafa kilikuwa kimemshika nyumbani kabla ya hapo, lakini shuleni bado. Watoto walitokea madirishani. Mwalimu naye alitoka. Watu wetu wanaamini hata leo kwamba povu la mgonjwa wa kifafa likikugusa, ugonjwa unakurukia. Kwa hiyo mdogo wangu alibaki sakafuni peke yake, kichwa chake kikigonga mguu wa dawati, mpaka mama aliyekuwa akiuza mandazi uani alipoingia na kumgeuza ubavu. Kesho yake direkta wa shule alimwita mama yetu, nami nikamsindikiza. Alitupa viti. Alituagizia chai. "Mama, umuache kwanza mutoto nyumbani," alisema. "Simufukuze, unanisikia? Niko nasema apumuzike. Bazazi bengine banalalamika." Mama akauliza mpaka lini. "Tutaona," akasema direkta, akatusindikiza mpaka barabarani. Nimekaa na neno lile miaka mingi. Kama angesema "nimemfukuza", tungekuwa na kitu cha kupinga. Neno "tutaona" halina mlango wa kugonga.

Basi nikamfundisha mwenyewe. Masomo yangu yalikatika sekondari, mwaka wa tatu, wakati wa vita, lakini vitabu vyangu vya msingi mama alikuwa amevitunza katika sanduku la mabati pamoja na nguo za ubatizo. Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma, kilekile nilichomwingiza yule mwanamke, ambamo mama alihifadhi magunia ya ndagala, wale samaki wadogo aliowauza sokoni. Nilivunja betri kuukuu za redio, nikasaga ule unga mweusi wa ndani pamoja na majani ya muhogo, nikapaka nyuma ya mlango, ukawa ubao. Kila tulipotaka kuandika ilibidi tufunge mlango, na tukiufunga giza liliingia na harufu ya ndagala ikatukaba. Tukiufungua tulipata mwanga lakini hatuna ubao. Mapendo aliona kichekesho mahali ambapo mimi niliona tatizo. "Yaya," aliniambia, ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake, "hii shule yako inafundisha vipofu." Nikimkemea kwa kutozingatia, aliniuliza kwa adabu yote: "Na weye ulikomea darasa la ngapi tena?" Sehemu na asilimia alizimaliza kabla sijawa tayari kuzieleza, usiku mimi ndiye niliyesoma sura ya kesho ili asinipite. Kifafa kilimshika mara chache mwaka ule. Mtawa wa kituo cha afya alimpa vidonge, akamfundisha mama kwamba povu halimwambukizi mtu. Mama aliamini vidonge. Kuhusu povu alisema tu, "Ni binti yangu, linirukie."

Mimi ndiye niliyeleta habari ya sheria ndani ya nyumba. Niliogopa kwamba tunavunja sheria kila asubuhi tunapofunga ule mlango, na nilitaka kujua, kwa maneno yaliyoandikwa, mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani anatakiwa kutimiza nini. Siku zile parokiani kulikuwa na vijitabu vya Katiba vilivyogawiwa bure. Nilichukua kimoja nikakisoma chote, kwa kuwa sikujua mahali pa kutafuta, na katika ibara ya arobaini na tatu nikakuta sentensi mbili. Ya kwanza ilisema wazazi wana haki ya kuchagua namna ya elimu watakayowapa watoto wao. Ya pili ilisema elimu ya msingi ni ya lazima. Niliwasomea wakati wa chakula, bugali na sombe ya majani ya muhogo, mbele ya taa ya chupa. Mama aliniomba nirudie ile ya kwanza. Nikarudia. "Kumbe banatujua," akasema, akaongeza sombe kwenye sahani yangu. Mapendo akauliza kama Katiba imetaja pia kwamba mwalimu asimpige mwanafunzi rula. Nilifurahi usiku ule kama mjinga. Niliona sheria imetukaribisha, na kilichobaki ni kuingia.

Katika ofisi ya elimu nilipokewa na karani aliyekuwa akila karanga kutoka kwenye koni ya gazeti. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wengi hawafanyi. "Kijana," alisema, "sheria inasema mutoto asome. Haiseme asome chini ya paa gani. Fundisha." Nikamuuliza ni programu gani nifuate. Akaniazima ya taifa, nikaketi kwenye benchi lake nikainakili. Nikauliza kama anayefundisha lazima awe na diploma ya ualimu. Akafikiri. "Ku shule, ndiyo. Ku nyumba, sijaona mahali imeandikwa." Nikauliza mtoto atafanyaje mtihani wa mwisho. Hapo aliacha karanga. "Ah. Mutihani ni kitu ingine. Lisiti ya mutihani inatoka ku shule. Kila shule inaleta majina yake. Weye jina ya mutoto wako niandike ku shule gani? Ku shule ya mulango?" Nilikuwa nimemsimulia habari ya ubao wetu. Alicheka, kisha akaona sicheki, akanisogezea karanga.

Alinielekeza kwa inspekta. Huyo alikuwa mzee mtaratibu, koti lake limechakaa kwenye viwiko, na alisema hawezi kuzungumza juu ya mtoto ambaye hajamwona. Nikampeleka Mapendo, amevaa sare yake ya shule, ambayo mama alikuwa ameteremsha pindo lake kwa sababu mwaka ule alirefuka. Inspekta alimpa hesabu ya tangi linalojazwa na bomba moja huku jingine likivuja. Mapendo aliifanya kwa kichwa, akatoa jibu, kisha akamuuliza kwa nini watu wa lile tangi wasifunge tu bomba linalovuja. Mzee alivua miwani. "Huyu mutoto iko na akili," aliniambia mimi, si yeye. Halafu akaeleza mambo yanavyokwenda. Kumfundisha mtoto nyumbani hakukatazwi. Lakini mtihani hauna dirisha la mzazi. Shule yoyote inayotambuliwa ikimwandika, yeye hatapinga. "Rudia ku direkta wenu. Amuweke ku lisiti yake, basi." Nikarudi kwa direkta. Alitupa tena viti. Akafungua rejista ya mahudhurio akanionyesha mstari wa Mapendo, mtupu tangu Septemba. "Namuandika namna gani? Hakuhudhuria. Hana pointi za darasani. Inspekta akiuliza pointi, nitampa zako?" Nikamwambia ni yeye aliyesema abaki nyumbani. "Nilisema apumuzike," akajibu, tena kwa upole. "Sikusema asikuye ku shule." Nilijaribu shule nyingine mbili. Moja walitaka mtoto aanze upya darasa la tano. Nyingine walikuwa tayari, mpaka mmoja wao aliposikia ugonjwa.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa masharti ya sheria, na sijakuta baadaye, katika yote niliyosoma, sababu ya kubadili maelezo haya. Haki ya kumfundisha mtoto ilikuwa yetu nzima. Uthibitisho kwamba amefundishwa ulikuwa wa shule peke yake. Mtu aliyekupa shamba akabaki na njia ya kuliingia hajakupa shamba. Katiba haikusema uongo, na karani hakusema uongo, na inspekta na direkta kila mmoja alikuwa sahihi akiwa kwenye kiti chake. Mtoto ndiye aliyekosea kwa kuwa kati ya viti.

Jumapili moja baada ya misa, direkta alikuja kwetu mwenyewe. Mama alikuwa amekaanga mikeke, samaki wa ziwa letu, akamkaribisha mezani, naye akala vizuri, akasifu samaki, akaomba pilipili. Hakutaka kitu kingine chochote. Lazima niseme hilo. Alikuwa na suluhisho. Katika darasa la sita la pili la shule yake kulikuwa na msichana wa Bwegera, Jolie Nabintu, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapa mjini. Mama yake alijifungua vibaya wakati wa mavuno ya mpunga, baba akaja kumchukua akasaidie, na hajarudi. Jina lake lilikuwa limekwisha kupelekwa kwenye orodha ya mtihani, pamoja na pointi za robo ya kwanza. "Jina linalala bure, mama," alisema direkta. "Mutoto wako alivae." Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kwetu kuvaa jina ni kama kuazima kiti kwa jirani. Nawajua watu wazima, wenye nyumba na magari, ambao mama zao tu ndio wanaokumbuka walibatizwa nani. Mtihani ulifanyika katika kituo cha shule nyingine, wasimamizi hawakuwajua watoto. Nikauliza, "Na huyo Jolie akirudi?" Direkta alichomoa mwiba mdomoni. "Ba Bwegera habarudiake. Mupunga ukimushika mutoto mwanamuke, umemushika."

Nilikwenda kuchukua kijitabu changu. Nilisimama katikati ya chumba nikasoma ibara ya arobaini na tatu kwa sauti, mbele ya mgeni, jambo ambalo si adabu. Direkta alinisikiliza. Mama alingoja nimalize. "Weye papa," aliniambia, kwa maana kwetu mama humwita mwanawe hivyo anapotaka kumtuliza, "hiyo Katiba yako itaingia mu mutihani?" Nilikifunga kijitabu. "Basi ikae. Leta maji Papa Direkta anawe."

Mazoezi yalianza siku ileile. Mama alijua kwamba mtoto akiitwa jina lisilo lake mbele ya wasimamizi, atachelewa kuitika, na kuchelewa ndiko kutakakomfichua. Kwa hiyo mezani hapakuwa tena na Mapendo. "Jolie, chumvi." "Jolie, ondoa sahani." Akiitika haraka, alipewa kichwa cha samaki, alichokipenda. Mara nyingine mama alimtega akaita "Mapendo" ghafla, naye akigeuka, bakuli lilihamia kwangu. Mwanzoni tulicheka. Mapendo alimbuni huyo Jolie, akampa tabia: Jolie hapendi sombe, Jolie anajua kuogelea, Jolie haanguki. "Leo Jolie amechoka," aliniambia darasani akikataa imla, "fundisha yule mwingine." Baada ya wiki kadhaa aliacha kucheka, na kugeuka pia aliacha. Nilimjaribu siku moja yuko uani akianika ndagala. Nikaita Mapendo mara tatu. Aliendelea kutandaza samaki kwenye wavu. Mama, aliyekuwa mlangoni, aliniambia kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, "Muache. Sasa iko tayari."

Asubuhi ya mtihani alimeza vidonge vyake mapema, na mimi na mama tukaketi nje ya ua wa kituo, chini ya ukuta, tukisikiliza majina yakiitwa. "Nabintu Jolie." Sauti iliyoitika ilikuwa kubwa mno, mpaka watu waligeuka. Mama alinishika goti. Hakuanguka, si siku ile. Matokeo yalipotoka, msichana wa Bwegera alikuwa miongoni mwa wa kwanza wa kituo kizima. Mama alipika wali na mikeke ya mafuta ya mawese, direkta akaja kula tena. Katikati ya chakula Mapendo aliuliza, "Yaya, ni nani alifaulu?" Aliuliza kama anavyouliza mwanafunzi asiyeelewa somo. Kabla sijafungua mdomo mama alisema, "Kula."

Karatasi huzaa karatasi. Cheti cha msingi kilimpeleka sekondari kwa jina la Jolie, sekondari ikampa diploma ya ualimu ya Jolie, diploma ikampa kazi, na kadi ya mpiga kura ikafuata. Kurekebisha mahali pamoja kungebomoa pote. Akawa Madamu Jolie kwa watoto wa nusu ya Kavimvira, mwalimu mzuri, aliyekaa karibu na mlango na aliyeficha vidonge ndani ya kopo la chaki. Mimi nilikuja kufanya mtihani wa serikali wa sekondari nikiwa mtu mzima, kama mtahiniwa anayejiita autodidakte, aliyejifundisha mwenyewe. Sheria inaruhusu hilo, ina hata mahali pa kuliandika, ilimradi uwe na cheti cha shule ya msingi. Kwa hiyo nchi yetu inamjua mtu aliyejifundisha nyumbani. Inataka tu awe amekwisha kukua, na mwanzoni awe amepitia mlango ambao Mapendo alifungiwa. Nilipopata diploma yangu niliiweka mezani mbele yake. Alilisoma jina, pole pole. "Umebahatika," akasema. Mwezi uliopita alianguka peke yake ufukweni, Kalundu, mahali ambapo maji hayafiki kiunoni.

Haya yote, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa, nilimweleza yule mwanamke katika chumba cha nyuma. Magunia ya ndagala hayapo tena, lakini mlango ni uleule, na weusi wa betri haujatoka wote. Alinisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani. Kucha zake zilikuwa na udongo wa mpunga. Nilipomaliza alisema, "Minye nilirudi." Nikamwomba arudie. "Mwaka uliofuata. Mama yangu alipona, nikarudi ku shangazi, nikaenda ku direkta kuomba kuanza darasa la sita tena. Akaangalia mu karatasi zake. Akaniambia, weye Jolie ulishafaulu, tena vizuri, nenda ku sekondari. Nilifikiri ananicheka. Nikaenda ku sekondari. Bakaniuliza sertifika iko wapi. Nikarudia kwake. Akasema sertifika ulishachukua, na muntu hafanye mutihani mara mbili." Nje akina mama walikuwa wameanza wimbo. "Baba yangu alisema basi, kama ulifaulu, masomo imekwisha. Tukaenda mu mupunga."

Nilifungua sanduku la mabati. Cheti kilikuwa chini kabisa, ndani ya plastiki, pamoja na kadi ya ubatizo yenye jina la Mapendo. Nilimpa, kwa maana kilikuwa chake; jina lake, kijiji chake, mwaka wake wa kuzaliwa. Alifuta mikono kwenye kitenge kabla ya kukipokea. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama watu wanaoacha shule mapema na kutoshika tena kitabu. Kidole kilipita kwenye jina, kikateremka, kikafika kwenye pointi, kikakaa hapo muda mrefu.

"Kumbe nilikuwa na akili," akasema.